Mama Ananiita: Kutoka Viwanja Sitini Hadi Daraja la Zambezi

Nimechoka kusimulia huku nimeshika tairi. Tangu nirudi, mtu anakuja dukani kwangu kununua spoku mbili za baiskeli, anakaa saa nzima, anaondoka bila spoku. "Longino, hebu tuambie, ni kweli ulining'inia kichwa chini?" Ni kweli. "Ni kweli ulilia?" Hilo tutalifikia. Basi nimeandika yote, nimetoa nakala, nimezitundika kwenye msumari ule wa tyubu. Ukija kununua, nunua. Ukija kuuliza, chukua nakala ukasomee kwenu.

Mambo ya pasi, mihuri na foleni siyaandiki. Aliyewahi kupanga foleni anayajua.

Getini kwetu

Kwa asiyenifahamu vizuri, mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kitanda changu, kiti changu cha dukani hapa Viwanja Sitini, Ifakara, na wali wa mama yangu. Nina miaka thelathini na moja, na kabla ya safari hii mbali kabisa nilikofika ni Morogoro mjini, tena kwa sababu ya msiba. Hata Lupiro, hapo ng'ambo tu, nilikuwa nakwenda mara moja kwa mwaka, na pikipiki ikipita juu ya daraja la Kilombero nilikuwa nayatazama mabega ya dereva mpaka tumalize.

Jina langu la ubatizo ni Longino, ila wenzangu wawili niliokua nao hawalitumii. Walikuwa wananiita Mama Ananiita. Lilianzia Mto Lumemo. Tulikuwa darasa la tatu, na palikuwa na mti umeinamia maji. Watoto wanapanda, wanajirusha, chubwi! Zamu yangu ikifika nilikuwa nainua kidole, natega sikio, nasema, "Ngojeni. Mama ananiita." Kisha nashuka zangu, naenda nyumbani. Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa nusu saa. Hakuna mama mwenye sauti hiyo.

Wenzangu wenyewe ni Odilo na Shija. Odilo anaendesha mashine ya kukoboa mpunga Lupiro, na kwa ajili ya zile kelele amezoea kuongea na kila mtu kama yuko upande wa pili wa shamba. Shija ni Msukuma wetu; wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, sasa analima mpunga Chita. Huyu haongei mpaka alazimike. Mdomo wake ameutengea kazi ya kula.

Mwaka huu nimemchumbia Restituta, binti wa Mahenge. Baba yake ni katekista mstaafu, mzee ambaye hacheki hata umtekenye. Odilo akajipa mwenyewe uenyekiti wa kamati ya harusi, halafu siku moja akaingia dukani na Shija nyuma yake.

"Mama Ananiita, kikao kimekaa."

"Kikao cha nani?"

"Changu na Shija. Tunakwenda Zambia, mabegi mgongoni, kama wale wazungu wanaokuja kuuliza njia ya Udzungwa. Kule kuna daraja, watu wanafungwa kamba miguuni, wanajirusha. Wanaita banji. Tunaruka wote watatu kabla hujaoa."

"Mimi siruki."

"Sawa. Basi siku ya harusi mshereheshaji atamkaribisha bwana harusi kwa jina lake kamili. Mbele ya katekista. Na habari za Lumemo atakuwa nazo zimeandikwa kwenye karatasi."

"Na nikiruka?"

"Ukiruka, jina linakufa. Halitamkwi na mimi, halitamkwi na Shija, halitamkwi na mshereheshaji."

Nilimtazama Shija. Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa karanga.

Nikasema ndiyo. Kesho yake nikaruka kimanga kwamba sikusema, na hiyo ndiyo aina pekee ya kuruka niliyokuwa na uzoefu nayo. Lakini Restituta alikuwa ameshanusa kwamba nina jina jingine. "Si uniambie tu? Au ni jina la mwanamke?" Kila siku swali ni hilo. Ningemjibuje? Sehemu ya jina ni ya mwanamke kweli. Nikaenda kuazima begi.

Mama nilimwambia tunakwenda kutazama maporomoko ya maji. Sio uongo. Maporomoko yapo.

Ifakara hadi Chita

Treni ilitakiwa ipite usiku, ikapita saa tano asubuhi, kwa hiyo nililala kitandani kwangu. Hadi sasa nahesabu hilo kuwa ndilo jambo zuri kuliko yote ya safari nzima.

Mama alinisindikiza stesheni. Alikuwa amenifungia kilo kumi za mchele wa shamba letu, kindoo cha samaki wa kukaanga, blanketi, na mto wangu wa kulalia, maana mito ya watu inaniumiza shingo.

"Jamani!" Odilo akapaza sauti, na stesheni nzima ikageuka. "Mtu anabeba mto kwenda kuvuka mto!"

Mama akamwita. "Odilo."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu unirudishie kama alivyo."

"Nitamrudisha mzima, mama, usiwe na wasiwasi."

"Sikusema mzima. Nimesema kama alivyo. Mzima sina hakika kama amewahi kuwa."

Hapo mjue utani kwetu ni wa ukoo.

Chita tulimkuta Shija amesimama peke yake karibu na reli, ameshika kijimfuko cha kitambaa. Ndani mna shati moja, mswaki, na mahindi ya kuchoma. Akapanda, akautazama mchele, kindoo, blanketi na mto. Akauliza neno moja tu. "Unahama?"

Simu ikalia. Mama. "Mmefika?"

"Mama, tuko Chita."

"Haya. Ukifika unipigie."

Chita hadi mpakani

Mlimba tulinunua ndizi kupitia dirishani, kisha treni ikaanza kupanda milima. Hapo ndipo mahandaki yanapoanza. Hakuna aliyeniambia kuna mahandaki. Lile la kwanza lilipotumeza nilidhani nimepofuka, nikamshika mtu mkono, na mwanga uliporudi nikakuta nimeshikana mikono na askari wa jeshi la kujenga taifa aliyekuwa anarudi likizo. Akaniambia kwa upole kabisa, "Bado yapo mengi, kaka. Unaweza kuendelea kushika."

Makambako baridi ilitukamata. Odilo alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi ili aonekane msafiri. Nikajifunika blanketi langu, nikalaza kichwa kwenye mto wangu, nikamtazama meno yanavyogongana.

"Longino," akasema. Angalieni hilo. Baridi ilimrudishia kumbukumbu ya jina langu la ubatizo.

"Nani huyo?" nikamjibu. "Mimi si naitwa jina jingine?"

Nilimwachia upande mmoja wa blanketi tulipofika karibu na Mbeya. Mimi ni Mkristo.

Nakonde hadi Kapiri Mposhi

Mpakani alipanda mama mmoja wa Lusaka anayefanya biashara ya vitenge. Jina lake sikulishika vizuri, sisi tulimwita Mama Vitenge. Nilikuwa nimeshuka kunyoosha miguu, niliporudi nikakuta pale pangu pana mzigo laini umefungwa vizuri. Nikaona watu wa Zambia ni wakarimu, wameweka matakia. Nikakaa.

"Choka!" akaniambia yule mama.

Nikaguswa sana. Mtu hanijui, tumeonana sasa hivi, ameshaona usoni. "Ndiyo mama, nimechoka kweli," nikasema, nikajinyoosha zaidi. "Asante kwa kuniona."

"Choka! Choka!"

"Na wewe pole, mama. Sote tumechoka."

Alichukua mwavuli wake akanichoma nao ubavuni. Ndipo akasema kwa Kiswahili cha Tunduma, kilichopinda lakini kinatembea, "Kwetu choka ni toka! Wewe toka juu ya vitenge yangu!"

Odilo alicheka mpaka akatelemka chini ya kiti. Mama Vitenge mwenyewe alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko, na tangu hapo akawa mama yetu wa behewa. Alinipa onyo moja, na naliandika hapa kwa sababu ningelishika nisingeandika hizi kurasa nyingine. Alisema, "Maneno yetu na yenu ni ndugu, lakini usiamini sura tu. Uliza kwanza."

Shija alikuwa anamuuliza. Shija, yule asiyeongea, alikaa na yule mama anafundishwa neno mojamoja kama mtoto wa chekechea. Mimi nilikuwa nalinda mchele.

Siku ya pili, saa nne hivi, treni ilisimama kwenye kijistesheni ambacho sikuona hata ubao wa jina. Tukaambiwa tunapisha treni ya mizigo. Saa sita ikafika. Saa nane. Hiyo ya mizigo nadhani ilikuwa bado inapakiwa. Samaki walishakwisha, maana Shija alikuwa amekaa upande wa kindoo. Watu wakashuka wakakaa kwenye kivuli cha mabehewa, watoto wakaanza kulialia.

Mama Vitenge alikuwa na sufuria mpya ya biashara. Akanitazama, akautazama mfuko wangu.

"Wewe, ule mchele unaulea mpaka lini?"

Nataka mnielewe. Ule mchele ulikuwa ndio nyumbani kwangu. Nilikuwa nimepiga hesabu: kila siku vikombe viwili, mpaka nirudi. Lakini behewa zima lilikuwa linaniangalia, na mtoto mmoja alikuwa ameacha kulia ili asikie jibu langu. Nikafungua.

Kuni tuliokota, maji tukapewa na watu wa nyumba ya jirani, chumvi ikatoka kwa dereva wa lori aliyekuwa anarudi kwao. Wali wa Ifakara mnaujua unavyonukia. Watu walishuka kutoka mabehewa ambayo hata sikujua kama yapo. Mzee mmoja alikula, akafumba macho, akauliza kwa Kiingereza tumeweka manukato gani. Odilo akamjibu kwa sauti ya mashine, "Hakuna kitu! Ni mchele tu! Nimeukoboa mimi!" Nikamwacha ajisifu. Ni kweli aliukoboa yeye.

Kilo kumi ziliisha siku hiyohiyo. Treni ya mizigo ikapita saa kumi, dereva akatupungia mkono.

Simu ikalia. "Mchele unatosha?" mama akauliza.

"Unatosha, mama," nikasema, nikitazama sufuria inavyosuguliwa na mchanga.

Kapiri Mposhi hadi Livingstone

Pale Kapiri tuliagana na Mama Vitenge, tukapanda basi. Kuanzia hapo nikawa mikononi mwa mapishi ya ugenini. Ugali wao wanauita nshima, nao ni ugali, sina ubishi. Ubishi ulikuja kwenye mboga. Lusaka, kwenye kibanda cha stendi, nilinyooshea kidole kitu cheusi kilichokaangwa na nyanya, nikidhani ni dagaa wakubwa. Ni kitamu, chumvichumvi, kinakauka mdomoni. Nikaongeza. Nilipomaliza sahani ya pili Shija akainua kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akasema taratibu, "Huyu ana miguu."

Walikuwa viwavi. Sikutapika. Nilikaa kimya kilomita mia moja hivi, nikijisikiliza.

Kilichoniponza hasa ni njia ya kwenda Livingstone. Abiria wa pembeni alituambia maporomoko yale kwa lugha ya kule yanaitwa Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Mosi, moshi. Nikashtuka kwa furaha. Nikamuuliza maji mnasemaje? *Madzi*. Nyama? *Nyama*. Moto? *Moto*. Nikajiona nimeshaimaliza lugha. Nikamwambia Shija, "Unaona? Huna haja ya kufundishwa. Unasikiliza tu, inakuja."

Shija alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye karanga zake.

Darajani

Daraja lenyewe liko kati ya Zambia na Zimbabwe. Malori yanapita, treni inapita, watu wanapita na baiskeli (za Kichina, spoku zimelegea, niliziona), na katikati kuna ubao umetokeza nje. Chini ni mita mia na ushee hadi kwenye mto, na maji yanazunguka huko kama yanatafuta kitu. Upande mmoja maporomoko yananguruma, moshi wake unalowesha shati.

Nilikuwa nimejipanga. Nitasogea mpaka ukingoni, nitaumwa tumbo la ghafla, lile la viwavi, nani angebisha? Niliwaza hata jinsi ya kujishika.

Tulipimwa uzito, wakatuandika namba mkononi kama magunia. Shija alikwenda wa kwanza. Hakusema kitu, hakupiga kelele, alidondoka kama embe. Walipompandisha alikuja kunisimamia pembeni akasema, "Una kitu cha kula?"

Zamu yangu. Msimamizi wa kamba alikuwa mzee mwenye mvi, mkono wake mzito na wa taratibu. Nikamwambia shikamoo. Hakuijua, lakini nadhani alielewa, maana aliinamisha kichwa na kuanzia hapo akaniita ba Longino, ile "ba" yao ya kumpa mtu heshima. Akanifunga taulo miguuni, akafunga kamba, akavuta, akakagua, msaidizi wake akakagua tena. Miguu ikiwa imefungwa hutembei, unarukaruka kama chura. Nikarukaruka mpaka ukingoni. Vidole vyangu vya miguu vikawa nje ya Zambia na nje ya Zimbabwe.

Nikageuza shingo kumtafuta Odilo, ambaye alikuwa amenishikia simu. Nilikuwa nafungua mdomo kusema tumbo, nikamwona anakuja mbio, amenyanyua simu yangu juu.

"Longino! Mama anakuita!"

Jamani. Watu wote wa daraja lile, mataifa mawili, na mimi nimefungwa miguu. Safari yote hiyo, blanketi langu nimempa, halafu ananifanyia hivyo hapo?

"Mama anakuita! Kweli tena! Mama anakuita!" Na kwa Kiingereza akawa anawapigia kelele wale watu wa kamba, sikuwa nasikiliza, masikio yalikuwa yamejaa hasira na maji.

Yule mzee akaondoa mkono wake kwenye mkanda wangu wa nyuma ili amwashirie Odilo. Akaniangalia machoni, kwa upole mkubwa, akasema:

"Imani, ba Longino. Imani."

Sijui niwaeleze vipi. Mzee wa watu, mvi, moshi wa maporomoko nyuma yake kama mawingu ya picha za kanisani, ananiambia *imani*. Huku Odilo ananizomea kwa jina lilelile nililolibeba tangu darasa la tatu. Tumbo lilipona. Nikamwaza katekista. Nikamwaza Restituta anavyoniuliza. Nikasema moyoni, haya, imani.

Nikaenda.

Nilikuwa nimepanga, endapo mambo yataharibika nikajikuta hewani, nitaje mtakatifu wangu wa ubatizo. Hakuna mtakatifu aliyetajwa. Kilichotoka, na kiliendelea kutoka mpaka kamba ilipokaza, ni neno moja.

"Mamaaaaaa!"

Mto ulikuja juu kunipokea, ukaghairi, nikarudishwa kama ndoo ya kisimani, nikashuka tena, nikapanda tena, kisha nikabaki naning'inia kichwa chini, najizungusha taratibu kati ya nchi mbili. Mtu akashuka kwa kamba kunifuata. Alikuwa amekasirika, ananifokea kwa Kiingereza.

"Kwa nini hukusubiri? Tumekuambia usubiri!"

"Mzee amesema imani," nikamjibu.

"Ndiyo. Amesema imani. Wewe ukaruka!"

Tukatazamana, mimi kichwa chini, yeye kichwa juu. Hatukuelewana kabisa.

Juu, Shija ndiye aliyenifungulia fumbo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliacha kutafuna ili aongee. "Imani kwao ni simama. Kwa heshima. Mama Vitenge alinifundisha." Akanyoosha kidole kwa yule mzee wa kamba. "Mzee alikuwa anakuambia simama."

"Simama kwa nini?"

Hapo nikamwona Odilo. Alikuwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai, uso umempauka. Kumbe asubuhi ile alikuwa ameweka picha ya daraja kwenye status yake, akaandika kwamba leo Longino anarushwa kutoka hapa. Jirani yetu akaiona, akampelekea mama simu mpaka jikoni. Mama akapiga palepale. Ni kweli. Miaka yote ile nilikuwa nasema mama ananiita na haniiti. Siku aliyoniita, nikaruka.

"Yuko hewani bado," Odilo akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Nilikuwa nimeweka spika. Ulipopiga kelele... alikuwa anajibu. Anasema, Nipo! Nipo hapa mwanangu! Nipo! Mpaka ulipofika chini."

Nikachukua simu.

"Mama."

"Longino?"

"Naam."

"Uko wapi?"

"Juu, mama. Nimeshapanda."

"Na sasa hivi ulikuwa wapi?"

"Chini."

Nilisikia kuku wetu.

"Umekula?"

Mlioniuliza kama nililia, hapo ndipo.

Kurudi

Odilo aliruka baada yangu, na ninathibitisha kwa haki kabisa kwamba aliruka. Ila alipiga ukelele mkubwa mno, akapanda hana sauti hata chembe. Kutoka Livingstone hadi Mbeya alikuwa ananong'ona, na Shija anatafsiri. Ndivyo walivyojadili kesi yangu.

"Anasema," Shija akasema, akimwinamia Odilo, "ulijirusha kwa kutojua lugha. Anasema mtu akiambiwa simama akaruka, huko sio kuruka, ni kutosikia."

"Mwambie yeye ndiye aliyeniita."

"Anasikia. Koo ndiyo mbovu, sio masikio."

"Haya, na wewe unasemaje?"

Shija alimenya ndizi nzima, akaila, akakunja ganda vizuri. "Miguu ilitoka kwenye ubao," akasema. "Basi."

Odilo akanong'ona kitu. "Anasema sawa," Shija akatafsiri. "Jina limekufa."

Walikaa kwenye neno lao. Ila hawakuweza kukaa bila jina, kwa hiyo sasa wananiita Imani, na hilo limeleta balaa jipya. Baba mkwe wangu mtarajiwa amelisikia, amefurahi mno, mzee asiyecheka alikaribia kutabasamu, na juzi ameniteua kuongoza sala za familia siku ya mahari. Nikisoma maelezo haya naona itabidi hata nakala moja isifike Mahenge. Restituta nimempa yake. Alisoma akiwa amesimama hapahapa mlangoni, akafika kwenye "Mamaaaaaa," akakaa chini kwenye tairi. Anasema mume wa aina hiyo hapotei.

Mama hakunigombeza. Alinipokea stesheni, akanizungusha akanikagua mbele na nyuma kama anayenunua mbuzi, akachukua mto wangu, akaondoka nao mbele. Sikuulizwa habari ya daraja wala ya mchele.

Jumapili iliyofuata alipika, akawaalika wenzangu wote wawili. Tulikuwa tumekaa uani, sahani za kwanza zimeshapakuliwa, sauti ya Odilo imerudi yote na nyongeza. Ghafla kutoka jikoni:

"Longino!"

Niliitika kabla hajamaliza, "Naam mama!" nikasimama. Nikamwona Odilo ananitazama, kijiko hewani, macho yameng'aa, midomo imeshajipanga kwa ile *M* ya kwanza. Shija aliacha kutafuna.

Odilo akafumba mdomo. Akalimeza lile neno pamoja na wali, kwa taabu, machozi yakamtoka, Shija akampigapiga mgongoni. Mimi nikaenda zangu jikoni, mama ananiita.